Sabuni Nyeusi kwa Mikono ya Salvadora

Los Angeles, 9 Agosti 2009

Dada Nicolasa,

Shikamoo. Na mama umwamkie kwa niaba yangu, taratibu, sikioni, asije akashtuka akadhani ni habari mbaya. Shemeji Lencho mgongo wake unamruhusu kwenda shambani au bado? Mimi ni mzima. Kazi ipo, tunasafisha ofisi za watu wakishaondoka, mimi na wanawake wengine kutoka kwetu. Tunacheka sana, hata bosi anashangaa tunacheka nini.

Nimeamua tuandikiane. Kwenye simu tunaulizana hujambo mpaka salio linakwisha, halafu tunalia, na hakuna aliyesema kitu. Gaspar, yule mbeba vifurushi, amekubali: akija na gari lake atanishushia barua zako, akirudi atazibeba zangu. Anasema karatasi haina uzito, ila nisimpe matofali.

Kwenye boksi kuna viatu vya mwanangu Chonita, sweta la mama, na chupa za sabuni ya maji, ile ya rangi ya waridi. Hizo chupa si za kupanga kabatini wageni wazitazame. Ndiyo sabuni ninayoogea mimi kila siku. Nataka mwanangu aogeshwe hiyo na si nyingine. Nilimwacha ana miaka miwili, sasa anakaribia mitano. Picha zangu anazo, lakini picha haina mwili, dada. Nataka siku nikifika pua yake inijue kabla macho yake hayajaanza kushangaa.

Kuvuka jangwa la mpakani sikuogopa vile watu wanavyodhani. Baba yake Chonita alipopata mwanamke mwingine huku, nilitukana wiki moja nikamaliza. Ninachoogopa ni kimoja tu: nifike nyumbani San Telmo, mtoto niliyemzaa aniangalie kama mgeni aliyepotea njia. Kwa hiyo mwogeshe na hiyo, nakuomba.

Paa la nyumba ninayojenga huko likikamilika narudi. Labda Juma Kuu.

Mdogo wako,
Salvadora


San Telmo, ziwani, 20 Septemba 2009

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunavuta pumzi. Mama anakushukuru kwa sweta, ila anasema aliyelishona hajawahi kuona bibi mwenye tumbo. Mgongo wa Lencho ulipona siku ya sherehe ya mtakatifu wetu, akacheza mpaka kiatu kikafunguka soli, ukaanza kuuma tena siku ya palizi. Wewe unamjua.

Chonita amekuwa mrefu. Jino la mbele limeng'oka, amelitupa juu ya bati la jikoni, na sasa kila asubuhi anamuuliza jogoo kama ameliona. Jogoo huyo amempa jina la Mwalimu kwa sababu anapiga kelele na hakuna anayemsikiliza. Viatu vimemtosha, vimebakiza kidogo mbele kwa ajili ya mwakani. Mahindi yamezaa vizuri upande wa juu, upande wa chini panya wamekula kabla yetu. Parachichi la nyuma ya nyumba limezaa mpaka tawi limevunjika.

Sabuni imefika, hakuna iliyovuja. Inanukia kweli. Jirani alikuja kuuliza nani anaolewa humu ndani. Mtoto anaoga.

Jiwe lako la kufulia ziwani lipo. Kuna bibi arusi mmoja aliyelitolea macho, nikamwambia mwenyewe yuko safarini, hajafa. Ufukweni siku hizi chupa za plastiki ni nyingi, zinakuja zenyewe kama bata. Maji yana rangi ambayo siipendi.

Kula, usijinyime. Mama anasema sali kabla ya kulala.

Dada yako,
Nicolasa


Los Angeles, 18 Oktoba 2009

Dada,

Shikamoo wewe, shikamoo mama, pole mgongo wa Lencho. Sasa nisikilize.

Barua yako imejaa kuku. Nimekuuliza mtoto, umenijibu jogoo. "Mtoto anaoga." Hata bata anaoga! Alisema nini aliponusa ile sabuni mara ya kwanza? Alicheka? Aliuliza ni ya nani? Ulimwambia hii ni harufu ya mama yako? Mimi huku nikimaliza kuoga nanusa mkono wangu mwenyewe, najiambia saa hii na yeye ananukia hivihivi. Hiyo ndiyo starehe yangu, sina nyingine. Wenzangu wana televisheni.

Nakutumia chupa nyingine, na picha yangu. Usiulize kwa nini nimeweka mikono nyuma kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Mpiga picha ndiye aliyesema nisimame hivyo.

Nijibu nilichouliza.

Salvadora


San Telmo, 22 Novemba 2009

Mdogo wangu Salvadora,

Mama mzima. Siku ya Marehemu tulimpelekea baba mahindi ya kuchemsha na maua ya njano, tukakaa naye kaburini mpaka jua likatuchosha. Chonita alimsimulia habari za Mwalimu zote. Kahawa imeanza kuiva, Lencho yuko shambani na mgongo wake wote.

Ziwa limeugua. Nadhani umesikia huko, maana hata wazungu wamekuja kulipiga picha. Limefunikwa na utando wa kijani unaogeuka kahawia, mzito, ukiingiza mkono unatoka umevaa glavu. Linanuka. Mama alitoka nje asubuhi akauliza nani ameacha nyama ikaoza. Tulipomwambia ni ziwa, alirudi ndani akakaa, hakunywa hata kahawa. Yeye alioga humo siku ya harusi yake.

Wanawake wote wenye mawe ya kufulia tulikutana. Alikuja dada mmoja anayejua mambo ya maji, akatueleza kwamba povu letu ndilo chakula cha ule utando. Si povu peke yake, mbolea za mashamba zimo na mifereji ya vyoo imo, lakini hayo yana wenyewe na wenyewe ni wagumu. Sisi tukatazama kilichomo mikononi mwetu. Tumekubaliana hivi: sabuni ya unga basi, sabuni ya chupa basi. Tunafulia sabuni ya kibonge, tena kwenye beseni huku juu, na maji machafu tunayamwaga kwenye udongo, hayagusi ziwa. Kibonge unasugua pale palipo na uchafu, unakiweka. Chupa unamimina tu, mkono haujui kukadiria. Halafu kibonge kikiisha kimeisha, hakiachi maiti. Chupa ikiisha inabaki palepale inakuangalia. Mawe yetu yamekaa matupu ufukweni, Salvadora, na mimi nikipita natazama pembeni.

Sasa lile uliloniuliza mara mbili.

Mtoto aliipenda sabuni yako wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaanza kujikuna. Nikadhani viroboto, nikachemsha blanketi. Halafu ngozi ya ndani ya viwiko na nyuma ya magoti ikawa nyekundu, ikapasuka, ikatoa maji, akawa analia nikimtia kwenye beseni. Nesi wa zahanati alipoona chupa alisema ngozi ya mtoto huyu haiwezi manukato hayo, wala dawa wanazotia ndani ili sabuni ibaki kuwa maji na isiharibike. Akasema tafuteni sabuni ngumu isiyo na harufu. Nilicheka, maana mama amekuwa akipika hiyo uani tangu sijazaliwa. Tukarudi kwenye sabuni nyeusi. Ngozi imepona, ni laini, hakuna hata kovu.

Hayo yalitokea kabla sijakuandikia barua yangu ya kwanza. Nilikaa kukuandikia, kalamu ikaandika kuku.

Chupa zako ziko chini ya kitanda changu. Siku nyingine namfungulia kifuniko anuse, namwambia huyu ndiye mama Salvadora. Anasema ananukia vizuri.

Nicolasa


Los Angeles, 20 Desemba 2009

Nicolasa,

Naanza na salamu kwa kuwa mama alitufunza adabu. Mama mpe mkono.

Kwa hiyo tangu Septemba nilikuwa nanusa mkono wangu kama mwendawazimu, namfikiria mtoto anayenukia majivu. Na wewe ulijua. Ziwa limeugua, pole yake ziwa. Hivi chupa zangu mbili tatu ndizo zilizoliua? Miji yote inajisaidia humo, lakini anayetakiwa kuacha ni Salvadora!

Upele wa mtoto unapakwa mafuta, unapona. Hakuna mtoto asiyetoka upele. Wewe umechukua mafuta ya nguruwe na majivu ya jikoni, kila jioni unasugua ngozi ya mwanangu, unanisugua mimi nitoke. Ndivyo ninavyoona. Eti "namfungulia kifuniko." Mimi ni mama yake, si chupa ya kufunguliwa na kufungwa.

Lakini nimlaumu nani. Wewe hujazaa, utajuaje.

Mwogeshe na niliyotuma. Gaspar anapiga honi nje.

Krismasi njema.

Salvadora


Los Angeles, 14 Februari 2010

Dada yangu Nicolasa,

Shikamoo. Mwandiko huu si wangu, ni wa Marta ninayekaa naye chumba kimoja. Ninasema, yeye anaandika, na ameapa kutorekebisha hata pale ninapojiaibisha.

Januari Gaspar alikuja. Alishusha jibini za watu, tamali za mahindi za watu, mifuko ya samaki wadogo wakavu mpaka mtaa mzima ukanuka nyumbani. Mimi nilisimama pale mpaka gari likawa tupu. Mwezi huu amekuja tena, nikasimama tena. Alinionea huruma akanipa chungwa.

Usiponiandikia sijui kama mtoto ameanza shule. Sijui kama mama anapanda ngazi. Nilikuwa nalalamika kuhusu kuku, sasa ningelipa nisome habari za yule jogoo.

Neno nililokuandikia Desemba nilijua ni neno gani wakati naliandika. Sina la kuongeza.

Sasa nikuambie ya kwangu. Ile picha, mikono niliificha mwenyewe. Dada, mikono yangu imeharibika. Kazini kila kitu ni cha chupa: ya vioo, ya sakafu, ya vyoo, ya kunawia. Glavu zinachanika siku ya pili na hakuna anayeleta nyingine. Ngozi ilianza kukauka, nikapaka mafuta ya kunukia. Ikapasuka, nikaoga zaidi na ile ya waridi nikidhani itanituliza. Sasa vidole vimefunguka kwenye kila kiungo. Siwezi kukamua kitambaa, wala kukanda unga wa mahindi wa kuchoma tortilla, wala kufunga sidiria bila Marta. Kalamu ndiyo kabisa. Kazi nyingine sina na ile wamempa mtu mwenye mikono.

Kwenye kliniki ya bure daktari aliniuliza ninaogea nini. Nilipomwambia, alitikisa kichwa. Akasema niache manukato yote, niache kila kilicho kwenye chupa, nitafute sabuni ngumu, ya kawaida, isiyotiwa kitu. Nilicheka pale kitini mpaka akaniuliza kama nimeelewa. Nilikuwa nalia pia, lakini yeye aliona kicheko tu.

Nimejaribu sabuni za madukani huku. Zinauma. Nitumie nyeusi ya mama. Nakuomba, dada. Unajua mwenyewe inavyotengenezwa kwa mgonjwa, sitakufundisha.

Salvadora (na Marta anakusalimu)


San Telmo, 21 Machi 2010

Mdogo wangu,

Mama anapanda ngazi, anashuka kwa makalio, lakini anashuka. Chonita ameanza chekechea na amerudi kutuambia kwamba Mwalimu wetu, yule jogoo, anajua zaidi kuliko walimu wa huko. Ziwa limetulia kidogo, kijani kimepungua, ila sisi hatujarudi kufua majini na hatutarudi. Watoto wanaookota chupa ufukweni wamepata gunia baada ya gunia.

Neno la Desemba nilisoma, nikakasirika, nikatwanga pilipili nyingi kuliko tulizohitaji. Wote tulikula tukilia, hakuna aliyejua mimi nilikuwa nalia kweli. Limekwisha. Usilirudie na mimi silirudii.

Sasa habari ya sabuni. Ilinichukua muda na nitakueleza kwa nini, maana safari hii siandiki kuku.

Unajua desturi yetu. Sabuni ya kufulia anafinyanga yeyote. Sabuni ya mgonjwa inafinyangwa na mtoto aliyetoka tumboni mwake, na kabla hajaigusa anaambiwa ni ya nani. Asipoambiwa, sabuni ni mafuta tu. Tulivyofanya mimi na wewe mama alipougua miguu, unakumbuka, ukapaka nyingine kwenye nywele zangu.

Salvadora, Chonita ananiita mama. Si mama mkubwa. Mama, basi. Mwanzo nilimsahihisha. Halafu nikachoka kumsahihisha. Halafu nikaanza kusubiri aite. Asubuhi akiamka, kabla hajafungua macho, anaita, na mimi nimeshasimama karibu na mlango nasubiri. Hukuniuliza, nami sikusema. Ndiyo maana ulipotaka sabuni sikupika mara moja. Ningeweza kufinyanga mwenyewe na kukutumia, usingejua. Nililifikiria hilo, tena si mara moja.

Lakini ni mikono yako.

Mama alipika, mimi nikakoroga, uani, tangu asubuhi. Ikashika, ikapoa, nikaionja kwa ncha ya ulimi, haikuuma. Nikamwita. Nikamwambia, "Hii ni ya mama yako. Mikono yake inaumwa."

Akachukua mikono yangu, akaigeuza huku na huku. "Mbona mizima?"

Nikamwambia si mimi. Nikamweleza ni nani, na yuko wapi, na alienda kwa ajili gani, na kwamba tumbo alilotoka ni la huyo wa kwenye picha. Mama aliacha kukoroga sufuria la pili. Mtoto akatazama sabuni, akanitazama mimi. Akasema, "Na wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ni mama mkubwa.

Akasema haya. Akakunja mikono ya blauzi yake akaanza kufinyanga. Alifinyanga vibonge vyote, hakutaka msaada wangu. Alipomaliza aliniuliza kama unamjua. Nikamwambia unamjua kuliko unavyojijua mwenyewe. Siku ile nzima hakuniita kwa jina lolote. Nilimpa chakula, akala, akasema ahsante, kama mgeni.

Vibonge vimepinda, vingine ni viazi kabisa. Nimevifunga kwenye maganda ya mahindi. Tumia maji ya uvuguvugu, si ya moto. Usisugue, zungusha tu mkononi, povu lake ni dogo, usilitafute.

Na njoo. Pitia barua zangu zote, hutaona mahali nimekuandikia neno hilo. Nilikuwa naogopa utalitii. Sasa nimeliandika. Njoo.

Nicolasa


Los Angeles, 2 Mei 2010

Dada,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wangu. Tazama ulivyolala, lakini ni wangu, Marta amekaa kitandani anakula parachichi.

Gaspar alinipa mfuko mkononi kabla hajafungua gari. Nilifungua ganda la kwanza palepale barabarani. Dada, alama za vidole vyake zimo. Mifereji midogo kuzunguka kibonge chote, na mahali pamoja amebonyeza kwa dole gumba mpaka likazama. Niliweka dole langu pale, halikuingia. Nilikaa kwenye ngazi za jirani nikalia mpaka jirani akaniletea maji.

Halafu sikunawa. Nilikipanga kile kibonge dirishani, nikawa nakitazama, mikono inavuja damu. Marta akanifokea. Aliniambia, "Mtoto amekutumia dawa, wewe umeifanya sanamu." Nilimwambia nikinawa vidole vyake vitafutika. Akasema ndiyo, vitafutika, navyo ndivyo vilivyotumwa kufanya kazi hiyo.

Nikanawa. Maji ya uvuguvugu, nikazungusha kama ulivyosema. Haikuuma. Kila nikinawa, mfereji mmoja unapungua. Lile shimo la dole gumba lilikaa siku nyingi, nilikuwa nalikwepa, mwishowe nalo likalainika likawa sawa na kwingine. Ngozi ilianza kufunga kwenye viungo vidogo kwanza. Wiki iliyopita nilikanda unga. Tortilla yangu ya kwanza ilitoka na umbo la kiatu, tukaila.

Wamenipigia simu za kazi. Nimekataa. Ile ya waridi nimempa Marta, naye amesema ataisafishia viatu.

Nyumba haina paa na mimi narudi. Gaspar ananipa nafasi kwenye gari lake, anasema nitakuwa kifurushi cha kwanza kinacholalamika. Nikitoka huku sirudi tena, najua, mlango wa mpaka wao haufunguki mara mbili. Tutafika mwishoni mwa mwezi, barabara ikiwa nzuri.

Nimesoma barua yako mpaka mikunjo imechanika. Pale aliposhika mikono yako akaigeuza, kwanza nilikuonea wivu, nikaitupa barua kitandani. Baadaye nikafikiri: mtoto akisikia mama anaumwa, anakimbilia mikono anayoijua. Ni wewe uliyemfundisha hivyo. Mimi nilimtumia harufu, wewe ulimpa mikono. Na bado ukamwambia ukweli, huku ukijua unachokata. Mimi sijui kama ningeweza.

Kwa hiyo nisikilize. Usimhamishe kitanda. Usimfundishe jinsi ya kuniita, wala usimpange mlangoni na nguo mpya. Asubuhi akiita mama, nenda. Usinitazame mimi, nenda. Mimi nitalala kwa mama.

Akiuliza nani anakuja, mwambie kila kitu, kisha mwambie hakuna anayekuja kumnyang'anya mtu. Nyumba yenye mama wawili, mmoja ni mkubwa na mmoja ni mdogo. Mkubwa ni wewe. Mimi nitaanzia kwenye mdogo.

Salvadora